Yule anayeitwa mambo yakiwa yameshaharibika



Kama unaishi Lushoto, unalijua lori la uhamisho. Linapanda taratibu kutoka Mombo likiwa na kitanda kilichofunguliwa, makochi yaliyofunikwa turubai, ndoo, jiko la mkaa na kuku ndani ya tenga. Mbele, karibu na dereva, ameketi mama na mtoto mapajani, wote wawili wamejifunika khanga moja kwa sababu baridi ya milimani imewakuta hawajajiandaa. Likipita Soni, watu wa sokoni huligeukia mara moja tu, kisha wanaendelea kupanga karoti. Wameshaelewa. Ni mwalimu anapelekwa Mtae, au mganga wa zahanati anakwenda Shume, au mwinjilisti amepewa mtaa mwingine.

Kabla mizigo haijashushwa, habari za mgeni zimeshafika. "Huyu ameshapita vituo vitano." Na anayesema hivyo, hebu tuwe wakweli, hana maana kwamba mgeni ana uzoefu wa vituo vitano. Ana maana kwamba viko vituo vitano vilivyomchoka. Wazee wa kanisa wanatazamana. Mmoja anaahidi kumpigia simu shemeji yake wa Korogwe aulize vizuri. Ikifika Jumapili, wakati mnada wa ndizi na kuku unaendelea nje baada ya ibada, mtumishi ambaye hajafungua hata sanduku la vyombo ameshahukumiwa.

Leo nataka tumtafakari mtu huyu wa vituo vingi. Nitaanzia mahali ambapo huenda hukupatarajia Jumapili asubuhi, nako ni langoni, uwanjani. Wapenzi wa Simba na Yanga mnaoketi benchi moja kanisani, naomba mvumiliane kwa aya chache.

Juma Kaseja hahitaji utambulisho kwa yeyote aliyefuatilia soka la Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alitokea Moro United, akajiunga na Simba, na mwaka 2003, akiwa bado hajafikisha miaka 20, alikuwa langoni Simba ilipokwenda Cairo kurudiana na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilikuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam. Cairo ikafungwa 1-0. Ikabidi ipigwe mikwaju ya penalti, na Simba ikatoka na ushindi wa 3-2 mbele ya maelfu ya Wamisri. Wapo wazee huku Lushoto ambao mpaka leo wanakumbuka walikuwa wamekaa kwa nani wakisikiliza redio usiku ule.

Ungetegemea kijana wa namna hiyo akae Msimbazi mpaka astaafu. Haikuwa hivyo. Alivuka kwenda Yanga, akarudi Simba, akawa nahodha. Mei 6, 2012, Simba ilipoifunga Yanga mabao 5-0, Kaseja hakuishia kulinda lango. Alipewa penalti moja akaipiga mwenyewe ikaingia. Mwaka uliofuata, klabu hiyo hiyo haikumwongezea mkataba. Mwisho wa mwaka 2013 alikuwa tayari amevaa tena jezi ya Yanga, na Desemba 21, katika mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba ikashinda 3-1. Lawama zilimwangukia yeye. Kule alikotoka walimcheka, na kule alikokwenda wakaanza kuuliza alitumwa na nani.

Baada ya hapo akaenda Mbeya City, kule nyanda za juu kusini. Kisha Kagera Sugar, ng'ambo ya pili ya nchi, karibu na Ziwa Victoria. Kisha KMC ya Kinondoni. Wengi tulikuwa tumeshamfunga kwenye kumbukumbu. Jina lake likitajwa, watu walisema "enzi zake", kama tunavyosema kwa marehemu.

Mwaka 2019 Taifa Stars ilikabidhiwa kwa Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyewahi kuifundisha KMC na hivyo kumjua Kaseja wa mazoezini, si yule wa kwenye magazeti. Akamwita. Kipa alikuwa na miaka 34. Julai Tanzania ilitoka suluhu 0-0 na Kenya Dar es Salaam, Agosti 4 ikatoka tena 0-0 Nairobi, ikaamuliwa kwa penalti, na Tanzania ikashinda 4-1. Mwezi mmoja baadaye ikaja Burundi, kuwania nafasi ya kuendelea na safari ya kufuzu Kombe la Dunia. Bujumbura 1-1. Dar es Salaam, Septemba 8, 1-1 tena. Penalti tena. Tanzania ilishinda 3-0. Itazame vizuri hesabu hiyo: Burundi hawakufunga hata moja. Na langoni alikuwa mtu ambaye klabu zilikuwa zimempokea na kumwachia kwa zaidi ya miaka 15.

Ndugu yangu, nakuomba uitafakari kazi yenyewe ya kipa kwenye penalti, maana hapo ndipo lilipo neno langu. Penalti haisababishwi na kipa, au ni mara chache. Beki amechelewa, ameshika jezi, mpira umemgonga mkono. Mwamuzi anapuliza filimbi. Wale wote waliochangia tatizo wanatoka nje ya boksi na kusimama pembeni, mikono kiunoni, wakitazama. Anabaki mtu mmoja. Akidaka, ni shujaa kwa siku mbili. Akifungwa, picha itakayotoka gazetini kesho yake ni yake yeye akiwa amelala chini, si ya yule beki. Na mikwaju ya kumaliza mechi ndiyo zaidi: watu wazima wameshindwa kwa dakika 90 au 120 kuupata ufumbuzi, wanamkabidhi mmoja deni lote.

Huko Marekani, Japani na visiwa vya Karibiani wana mchezo uitwao besiboli, ambao sisi huku tunauona zaidi kwenye filamu, ingawa Dar es Salaam, pale Shule ya Sekondari Azania, upo uwanja wake uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Yuko mtu anayerusha mpira, na yuko anayejaribu kuupiga kwa gongo ili akimbilie vituo. Mchezo una zamu tisa. Mrushaji anayeanza huchoka, au huzidiwa, au huumia. Kocha anatembea hadi katikati ya uwanja, anauchukua mpira mkononi mwake, na kumwita mwingine aliyekuwa akingoja pembeni. Huyo wa pili ndiye mrushaji wa akiba. Anaingia mchezo ukiwa umeshaharibika: wapinzani wamesimama tayari kwenye vituo, kelele zimejaa, na yeye hajatoa hata jasho la kwanza.

Warushaji wa namna hii huhamishwa kuliko wachezaji wengine wengi, kwa sababu kila timu yenye shida humhitaji mmoja, na shida ikiisha humwona ni gharama. Octavio Dotel, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alicheza ligi kuu ya Marekani kuanzia 1999 hadi 2013 na kuvaa jezi za timu 13. Alipoifikia ya 13 hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufika hapo. Baadaye Edwin Jackson, naye mrushaji, alifikisha 14. Mwaka 2010 peke yake Dotel alichezea timu tatu. Fikiria familia inayofungasha vyombo mara tatu katika mwaka mmoja.

Lakini sikiliza na haya. Juni 11, 2003, akiwa na Houston Astros, timu yake ilikuwa New York dhidi ya Yankees. Mrushaji aliyeanza aliumia mapema kabisa. Wakaingia wa akiba watano, mmoja baada ya mwingine, Dotel akiwa mmoja wao, na mchezo ukaisha bila mpigaji hata mmoja wa Yankees kupata pigo halali. Na mwaka 2011, katikati ya msimu, Toronto walimtoa kwa St. Louis Cardinals. Miezi mitatu baadaye Cardinals walikuwa mabingwa. Dotel alifariki Aprili 8, 2025, paa la ukumbi wa muziki lilipoporomoka mjini Santo Domingo na kuua watu zaidi ya 200. Katika maombolezo, timu zake nyingi za zamani zilimtaja kama mtu wao. Kila moja ilikuwa imewahi kumwachia aende.

Kuna kanuni moja ya mchezo huo ambayo natamani ingebandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha baraza la wazee. Mrushaji wa akiba akiingia na kukuta wapinzani watatu wako vituoni, na mmoja wao akafanikiwa kufika nyumbani na kupata pointi, pointi hiyo haiandikwi kwenye jina la aliyeingia. Inaandikwa kwenye jina la yule aliyewaacha wafike vituoni. Mwandishi wa mchezo ana daftari lake, naye anatenganisha alichokikuta mtu na alichokileta.

Makanisani mwetu daftari hilo ni nadra. Mchungaji anafika usharika wenye deni la bati ambalo halimhusu, kwaya iliyogawanyika pande mbili kwa ajili ya kinanda, na koo mbili zisizosalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Miezi sita baadaye tunasema, "Tangu aje huyu, usharika hauna amani." Mwalimu mkuu anapelekwa shule iliyokuwa ya mwisho wilayani, na matokeo yakitoka ya mwisho tena, barua ya uhamisho inaandikwa. Paroko mpya anakuta jengo limesimama kwenye lenta kwa miaka minne. Anaulizwa kwa nini halijapauliwa.

Sitaki uondoke hapa ukidhani natetea kila anayehamishwa. Wapo waliohamishwa kwa sababu ya fedha za sadaka, au kwa mambo mabaya zaidi ya fedha, na kumhamisha mtu wa namna hiyo badala ya kumwajibisha ni kuwapelekea wengine ugonjwa. Baraza lina haki ya kuuliza. Ninachosema ni kwamba swali la "amepita vituo vingapi" halijibu chochote. Swali linalofaa ni vituo hivyo vilikuwa katika hali gani alipofika, na vilikuwa katika hali gani alipoondoka. Hilo shemeji wa Korogwe hawezi kulijibu kwa simu ya dakika mbili.

Sisi watu wa Usambara tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana historia yetu yenyewe imeanza na mhamaji. Simulizi za Wakilindi, zilizoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika karne ya 19, zinamweleza Mbegha, mwindaji aliyekataliwa na ndugu zake kule Nguu. Akaenda Kilindi, nako akakimbia. Akapita Zirai, akapanda milima hadi Bumbuli akiwa na mbwa wake na mikuki. Kwa hesabu zetu za leo, mtu wa vituo vinne na sifa mbaya nyuma yake. Lakini mashamba yalikuwa yakiliwa na nguruwe mwitu, na yeye alijua kuwaua. Wazee wa Vuga hawakupiga simu Nguu. Waliangalia mashamba yao, wakamwangalia mgeni, wakampa nchi. Najua simulizi hiyo ina mengi ndani yake ambayo Mkristo hawezi kuyabeba yote, ila hapo kwenye nguruwe na mashamba wazee wale walikuwa na akili.

Na Maandiko je? Wengi mtamtaja Yusufu, aliyeuzwa na ndugu, akauzwa tena Misri, akatupwa gerezani, kisha akaitwa siku Farao alipozidiwa. Ni mfano mzuri, nasi tumeuhubiri sana. Leo naomba nimlete mwingine ambaye sijawahi kusikia akipewa hata mahubiri ya dakika kumi. Anaitwa Tikiko.

Ametajwa mara tano tu katika Agano Jipya, na karibu kila mara yuko njiani. Katika Matendo 20 ni mmoja wa watu wa Asia waliofuatana na Paulo. Katika Waefeso 6 na Wakolosai 4 ndiye aliyebeba barua, na kwenda Kolosai aliongozana na Onesimo, mtumwa aliyetoroka, safari ambayo hakuna mtu mwenye kupenda raha angeichagua. Paulo anamwita ndugu mpendwa na mtumishi mwaminifu. Sauti yake mwenyewe haisikiki popote. Barua alizozibeba zimedumu karibu miaka 2000. Hatuna hata sentensi moja aliyoisema.

Sasa fungua Tito 3:12. Tito yuko Krete, kazi ni ngumu, makanisa hayajatengemaa, watu wana sifa ambayo Paulo mwenyewe ameitaja kwa maneno makali katika sura ya kwanza. Paulo anataka Tito amfuate Nikopoli. Lakini Krete haiwezi kuachwa hivi hivi. Anasema atamtuma Artema au Tikiko, na hapo ndipo Tito aondoke. Umeona? Tikiko anafikiriwa kwa ajili ya nafasi ya mtu mwingine, tena jina lake limewekwa la pili, baada ya neno "au". Pengine alifungasha, akaambiwa mwenzake ndiye anayekwenda. Biblia haisemi.

Kisha fungua 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni, anajua safari yake inaisha. Dema amemwacha. Wengine wametawanyika. Anamtaka Timotheo aje upesi. Timotheo yuko Efeso, kanisa ambalo barua ya kwanza ilishaeleza matatizo yake: walimu wa uongo, mabishano, wazee wanaohitaji kuonywa. Mstari wa 12 ni mfupi sana, unapitwa haraka katika masomo ya Jumapili: Tikiko amepelekwa Efeso. Wafafanuzi wengi wanauelewa kwamba alikwenda kushika nafasi ili Timotheo apate kuondoka. Yaani Timotheo aliweza kwenda kumwona baba yake wa kiroho kwa mara ya mwisho kwa sababu yuko mtu aliyekubali kupokea mgogoro usio wake.

Sijui wewe msomaji uko upande gani wa jambo hili leo. Labda wewe ndiye uliye ndani ya lori. Barua imefika, umehesabu vituo vyako mwenyewe usiku, ukaanza kujiuliza kama kweli wanaosema unafukuzwa wamekosea. Umeacha mche wa parachichi nyuma ya nyumba ya kanisa, ulioupanda mwenyewe, na matunda yake atakula mwingine. Watoto wamelia kwa sababu ya marafiki. Kwako nina neno moja: ukifika, usianze kwa kueleza makosa ya uliyempokea. Warushaji wa akiba hawafanyi hivyo. Hawana muda huo. Uliza tu wapinzani wako kituo gani, uanze kazi. Na kama kuna deni, liandikwe siku ya kwanza kwenye makabidhiano, kwa kiasi chake na tarehe yake, mbele ya wazee, ili miezi sita baadaye pasiwe na mtu wa kukubambikia.

Au labda wewe ni yule aliyeketi sokoni Soni, au mzee wa kanisa mwenye namba ya shemeji Korogwe. Kwako ombi langu ni dogo zaidi. Lori likifika, nenda na vijana wawili mkashushe kitanda. Chukueni kuni, maana wageni hawajui baridi ya Magamba mwezi wa saba inavyoingia kwenye magoti. Mama akiuliza maji yanapatikana wapi, mwonyesheni, msimwelekeze tu kwa mkono. Maswali ya baraza yatakuwa na siku yake.

Paulo hakukaa sana kwenye habari ya Tikiko. Mstari unaofuata ule wa 12 anamwagiza Timotheo alete joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi, na mbele kidogo anamsihi ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Tikiko wakati huo alikuwa ameshaondoka.